Baada ya Ajali: Dereva Afanye Nini, na Sisi Kijijini Tufanye Nini?



Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli. Hata dereva mwangalifu, aliyeendesha miaka thelathini bila kosa, anaweza kugongwa akiwa amesimama kando ya barabara. Lakini msemo huu tumeutumia vibaya. Tunausema kana kwamba hata yale yanayofuata ajali hayana kinga. Si hivyo. Kuna watu wengi ambao mgongano haukuwaua. Waliuawa na yale yaliyofuata: dereva alikimbia akawaacha, au walibebwa vibaya, au gari la pili lilikuja gizani likawagonga pamoja na waliokuwa wakiwasaidia. Mambo haya yote yana kinga.

Katika Kenya, kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani. Kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Yaani ni sisi wenyewe: mama anayetoka sokoni, mtoto wa shule, mzee anayevusha ng'ombe. Wengine wengi ni vijana wa bodaboda na abiria wao. Kwa hivyo makala hii si ya madereva peke yao. Ni ya kila kikundi kinachokutana karibu na barabara.

MWILI WA DEREVA BAADA YA MGONGANO

Kabla hatujasema dereva afanye nini, tuelewe kwanza ni nini kinachompata. Mtu akipatwa na hatari ya ghafla, mwili humwaga ndani ya damu kemikali inayoitwa adrenalini. Kazi yake ni kumtayarisha mtu kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mdomo hukauka, masikio huziba. Akili huona kitu kimoja tu na kusahau vingine vyote. Tena adrenalini huficha maumivu. Mtu aliyevunjika mbavu anaweza kutembea huku akisema, "Mimi niko sawa," kisha aanguke baada ya nusu saa.

Kwa sababu hiyo madereva hawafanani baada ya ajali. Kuna anayeganda. Anakaa kwenye usukani akitazama mbele, ukimwita hasikii. Kuna anayewaka hasira. Anashuka akipiga kelele, "Wewe umeingia barabarani vipi?" hata kabla hajaangalia kama mtu anapumua. Kuna anayeongea bila kunyamaza, na kuna hata anayecheka. Watu wakiona anacheka wanadhani anadharau waliolala chini. La, ni mshtuko tu. Halafu kuna anayekimbia.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonyesha nani mwenye makosa. Anayetetemeka huenda hana kosa lolote, na aliyetulia huenda ndiye aliyekuwa mlevi. Tusihukumu kwa uso wa mtu.

KWA NINI MADEREVA HUKIMBIA?

Tuseme ukweli hapa. Wengine hukimbia kwa sababu wamelewa, au hawana leseni, au bima imekwisha. Hao wanakimbia sheria. Lakini wengine wanatukimbia sisi. Dereva anajua kwamba mahali pengi umati ukifika, mawe yanaokotwa kabla ya majeruhi kuokotwa. Anakumbuka magari yaliyochomwa na madereva waliopigwa mpaka kufa. Basi anakanyaga mafuta na kwenda, na mtu aliyegongwa anabaki pale akivuja damu.

Ona vile mambo haya yanavyozunguka. Tunapiga madereva kwa sababu wanakimbia, na wao wanakimbia kwa sababu tunawapiga. Anayelipa deni ni yule aliyelala barabarani. Gari lililomgonga ndilo lililokuwa karibu zaidi, na ndilo lingemfikisha hospitalini haraka. Likichomwa, au likitoroka, yeye atangoja. Tena gari likichomwa ushahidi unaungua, na dereva akiuawa hakuna wa kueleza mahakamani. Hasira hasara.

Kijiji kinachojulikana kwamba hakipigi dereva ni kijiji ambacho dereva atasimama. Hili haliwezi kufanywa na polisi wala serikali. Ni letu.

DAKIKA ZA KWANZA: HATUA KWA HATUA

Dereva, kama umegonga au umegongwa, fuata mpango huu. Usome sasa ukiwa umetulia, kwa maana siku ile hutakuwa na nafasi ya kufikiri.

1. Simama. Hata kama umegusa mtu kidogo tu na ameinuka, simama.

2. Vuta pumzi ndefu mara tatu. Ni kitu kidogo, lakini kinapunguza mtetemeko na kukurudishia akili.

3. Zima injini, vuta handibreki, washa taa za kuonya, zile za pande zote zinazowaka na kuzima pamoja. Mwambie kila mtu asivute sigara.

4. Onya magari mengine. Weka zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, moja mbele na moja nyuma, mbali kiasi cha hatua hamsini au zaidi. Karibu na kona au mlima zipeleke mbali zaidi. Kama huna, tuma watu wawili wenye tochi au nguo nyeupe wasimame kando, si katikati ya barabara. Matawi ya miti pia husaidia mchana, lakini usiku hayaonekani. Tena yaondolewe kazi ikiisha, yasije yakaleta ajali nyingine.

5. Hesabu watu. Wangapi walikuwa ndani ya gari? Yuko wapi makanga? Mtoto je? Angalia pia kwenye mtaro na vichakani, kwa maana mtu anaweza kurushwa mbali. Anza na walionyamaza. Anayepiga kelele anapumua.

6. Omba msaada. Piga simu 999 au 112. Taja mahali kwa alama inayojulikana: jina la soko, daraja, shule, au kituo cha basi. Sema majeruhi ni wangapi na kama kuna waliobanwa ndani ya gari.

7. Usisogeze magari bila sababu. Sheria inakataza kuharibu ushahidi. Inaruhusu kusogeza gari ikiwa ni lazima, kama vile kumtoa aliyebanwa au kuzuia moto. Kama una simu yenye kamera, piga picha kwanza kutoka pande zote.

Na kama umati umekuja na mawe? Maisha yako pia ni maisha. Nenda moja kwa moja mpaka stesheni ya polisi iliyo karibu, uripoti, na uombe msaada upelekwe kwa majeruhi mara hiyo. Hiyo si kutoroka. Kutoroka ni kwenda nyumbani, kulificha gari nyuma ya boma, na kuosha damu.

KUWASAIDIA MAJERUHI

Nia njema haitoshi hapa. Wengi wamepooza maisha yao yote kwa sababu walivutwa mikono na miguu kama gunia. Kumbukeni haya:

- Usimtoe mtu ndani ya gari isipokuwa kuna moto, mafuta yanavuja, maji, au hatari nyingine ya kweli. Shingo na mgongo vinaweza kuwa vimeumia bila kuonekana.

- Anayevuja damu, kandamiza kidonda kwa nguvu kwa leso au nguo safi, bila kuachilia kila mara kuangalia. Damu ikipenya, ongeza nguo juu yake. Vaa glavu, na kama hakuna, funika mikono kwa mifuko ya nailoni au karatasi za plastiki, ili ujikinge na magonjwa.

- Aliyezimia lakini anapumua, mgeuzeni alale kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Mgeuzeni watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa na mwili vikigeuka mara moja kama gogo.

- Mwenye pikipiki, usimvue helmeti ikiwa anapumua vizuri. Fungua kioo cha mbele tu.

- Mfupa uliovunjika usiunyoshe. Ufunge kama ulivyo kwa ubao na vitambaa usitikisike.

- Usimpe maji, chai wala soda. Akihitaji upasuaji, tumbo lenye kitu ni hatari. Mfunike blanketi apate joto, na mtu mmoja akae naye akiongea naye.

- Kama ambulensi haipatikani, pikapu ambapo mtu atalazwa sawasawa juu ya ubao au mlango ni bora kuliko gari dogo ambamo atakunjwa kiti cha nyuma.

Mkifika hospitalini msikubali kurudishwa kwa sababu ya pesa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Jambo hili litajwe kwa heshima lakini bila woga.

LORI LA MAFUTA LIKIANGUKA

Hapa tusiongee kwa upole. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka na watu wakakimbilia na mitungi. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Miaka kumi na miwili baadaye, Julai 2021, jambo lile lile likatokea Malanga, Siaya, na watu zaidi ya kumi wakateketea. Walikuwa na ndoo na mitungi mikononi.

Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini na kukaa kwenye mitaro. Cheche moja ya sigara, ya chuma kugonga jiwe, au ya pikipiki inayowashwa mbali kidogo inatosha. Hakuna lita ishirini za petroli zinazotosha kununua ngozi mpya. Dereva wa lori la mafuta, kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu, na wewe mwenyewe kuwa mbali. Wazee, akina mama, zuieni vijana wenu, wapande upande ambako upepo unatoka.

SHERIA, POLISI NA KARATASI

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inasema wazi. Gari likisababisha ajali yenye kuumiza mtu au mnyama, au kuharibu gari lingine au jengo, dereva ni lazima asimame. Akiulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza, atatoa jina lake na anwani, jina la mwenye gari na anwani yake, na nambari ya gari. Kama kwa sababu yoyote hakutoa, basi aripoti polisi haraka iwezekanavyo, na asipitishe saa 24.

Sheria hiyo hiyo inasema mtu akiua kwa kuendesha vibaya au kwa hatari anaweza kufungwa mpaka miaka kumi. Wengine wakisikia hivyo ndio wanazidi kukimbia. Lakini fikiri. Mahakama huangalia ulivyoendesha, na pia huangalia ulivyofanya baadaye. Dereva aliyesimama, akabeba majeruhi, akaripoti, ana maneno ya kusema mbele ya hakimu. Aliyepatikana baada ya wiki mbili amejificha kwa shemeji yake ana nini?

Ukifika stesheni, hakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari yake, ile tunayoiita nambari ya OB. Baadaye utaomba abstrakti ya polisi. Bila karatasi hiyo bima haisongi. Aliyeumia ataomba fomu ya P3 na kuijaziwa na daktari. Mwenye kuumia atunze kila risiti ya dawa, ya nauli, hata ya magongo.

Polisi wakikuweka ndani, si kwamba umehukumiwa. Mara nyingine ni kukulinda na watu. Una haki ya kunyamaza, haki ya kupata wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24, ila siku za mwisho wa juma na sikukuu hungojea siku ya kwanza ya mahakama. Ukiandika taarifa, eleza ulichokiona na ulichokifanya. Usikisie mwendo wa gari la mwenzako. Na usinywe pombe "kutuliza moyo" baada ya ajali. Ukipimwa, nani ataamini kwamba ulikunywa baadaye?

Wenye kuumia, kumbukeni kwamba kesi ya kudai fidia hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kwisha tangu siku ya ajali. Na jihadharini na madalali wa kesi. Watakujia ukiwa bado kitandani na dripu mkononi, wakitaka uweke kidole kwenye karatasi. Mtu asiye na haraka ya kukuona ukipona, lakini ana haraka ya sahihi yako, mwogope. Chagua wakili mwenyewe, mbele ya jamaa zako.

KUSIKILIZANA PALE PALE

Mara nyingi ajali ni ndogo: taa imevunjika, mbuzi amekufa, baiskeli imepinda. Watu hutaka kumaliza pale pale, na si vibaya mali peke yake ikiwa imeharibika. Lakini hata hapo pelekeni habari polisi, kisha muandike makubaliano mbele ya mzee wa kijiji au naibu wa chifu, kila mmoja abaki na nakala. Bei iwe ya haki. Tunajua vile mambo yalivyo: kuku wa kienyeji akigongwa hugeuka papo hapo kuwa kuku wa mayai wa gredi. Huo si ujanja, ni wizi.

Mtu akiumia, msifanye makubaliano ya barabarani. Shilingi elfu mbili zinaonekana nyingi jioni ile, lakini maumivu ya kichwa yanaweza kuanza siku ya tatu.

Na je, dereva akisema "pole," amekubali makosa? Madereva wengi huambiwa wasiseme lolote. Ni kweli usitangaze kwamba wewe ndiwe mkosaji au kuahidi kulipa kabla mambo hayajachunguzwa, na kampuni ya bima pia haipendi. Lakini kumwambia mtu pole ni utu. Kwetu sisi tunampa pole hata aliyejikwaa. Mtembelee hospitalini ukiandamana na mzee anayeheshimika. Familia nyingi huumizwa na kunyamaza kwa dereva kuliko na ajali yenyewe.

KAMA GARI NI LA KIKUNDI

Vikundi vingi sasa vina pikapu, matatu au pikipiki. Mkumbuke kwamba dereva akiwa kazini kwenu, mwenye gari anaweza kushtakiwa pamoja naye kulipa fidia. Kwa hivyo kabla gari halijatoka:

- Angalieni tarehe ya bima. Bima ya lazima hulipa watu wengine walioumizwa na gari lenu. Haitengenezi gari lenu wenyewe.

- Someni ni kazi gani iliyoandikwa kwenye bima. Bima ya gari la mizigo haikuandikwa kwa abiria wa kulipa nauli. Mkiwapakia juu ya magunia, hatari ni yenu.

- Wekeni ndani ya gari pembetatu mbili, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, glavu, kalamu na daftari.

- Ajali ikitokea, julisheni kampuni ya bima upesi kwa maandishi. Msingoje mkutano wa mwisho wa mwezi.

MOYO NAO HUUMIA

Wiki chache baada ya ajali, dereva anaweza kukosa usingizi, kuota mgongano ule ule, kushtuka akisikia breki, au kuogopa usukani. Wengine huanza kunywa. Majeruhi na waliobeba maiti huona hayo hayo. Huu si wazimu wala laana. Kwa wengi hupungua polepole wakipata mtu wa kuwasikiliza. Zikizidi mwezi mmoja, au mtu akisema afadhali afe, apelekwe hospitalini kwa mshauri au daktari. Wenzake wasimwambie, "Wewe ni mwanaume, sahau."

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUANZA WAPI?

Hamhitaji mfadhili. Chagueni watu kumi wanaoishi karibu na barabara, wafundishwe huduma ya kwanza. Mwulizeni muuguzi wa zahanati yenu, au tawi la Msalaba Mwekundu lililo karibu. Wekeni machela moja, hata ya magunia na miti miwili, mahali panapojulikana. Elewaneni na mwenye pikapu mmoja au wawili watakaoitwa usiku, na kikundi kiweke pesa kidogo za mafuta. Andikeni nambari za simu ukutani dukani. Na kubalianeni katika baraza, mbele ya chifu na viongozi wa bodaboda, kwamba hapa kwetu dereva hapigwi na mizigo haiporwi. Wapeni vijana wawili kazi ya kumkalisha dereva mahali salama mpaka polisi wafike.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Ajali ya mwisho iliyotokea karibu nasi, nani alifika kwanza, na alifanya nini?
2. Ni nini kilichofanywa vizuri? Ni nini kilichoumiza watu zaidi?
3. Dereva mgeni akigonga mtoto wetu leo jioni, je, atathubutu kusimama? Kama sivyo, tubadilishe nini?
4. Nani kati yetu atachukua kazi gani, na tutakutana lini kuangalia kama imefanyika?